Dele limelala, kandambili moja imepotelewa na mwenzake: nisomeje picha hii?

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi niko Wete, Pemba. Mwezi uliopita nilivuka kuja Unguja, na nikiwa Mji Mkongwe niliingia kwenye maonyesho madogo ya picha. Ilikuwepo moja nyeusi na nyeupe, ndogo kama ukurasa wa daftari, wakasema ni echingi. Ndani yake mna dele la kahawa limelala ubavu, finjani mbili ambazo moja imefudikizwa, kandambili ya upande mmoja, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake umefungwa waya. Basi. Hamna mtu. Kaka yangu alicheka: vitu hivi tunavyo nyumbani, nani atoe pesa? Kisha akanisomesha: kiti ni madaraka, dele ni ukarimu, kandambili ni umasikini. Sikutosheka, lakini sikuwa na la kumjibu. Je, kuna kitabu kinachoeleza kila kitu kina maana gani? Na ile 7/30 iliyoandikwa chini kwa penseli ni nini? Kaka anasema ni maksi.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo maksi, kwani nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka ndani kutazama kuna nini. 7/30 ni hesabu ya nakala. Picha ya namna hii huchorwa kwenye bamba la chuma, na bamba moja hupigwa chapa mara kadhaa. Msanii akiamua atatoa thelathini, basi kila karatasi huipa namba yake na kuitia saini kwa mkono. Wewe uliiona ya saba. Zote thelathini ni picha asilia, hakuna iliyo kivuli cha mwenzake, na kaka yako akiikuta ya kumi na mbili ukutani kwa mtu mwengine asije akapiga kelele ya mwizi.

Sasa kabla ya dele na kiti, nivumilie kidogo nikueleze picha ilivyotengenezwa, maana bila hivyo nusu ya maana yake itakupita. Bamba huwa la shaba au la zinki. Husuguliwa likang'ara, kisha hupakwa utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami. Msanii huchora kwa sindano juu ya utando huo. Sindano haikati shaba, inaondoa nta tu. Kazi ya kukata huachiwa tindikali: bamba likitiwa humo, palipochorwa panaliwa, palipobaki na nta panasalimika. Likikaa dakika chache mstari unakuwa hafifu, likikaa muda mrefu mstari unakuwa na kina na mweusi. Kisha nta huondolewa, wino hupakwa bamba zima na kufutwa juu juu, ukabaki ndani ya mifereji. Karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu yake, vyote viwili vikapitishwa kwenye mashine yenye magurudumu mazito, na karatasi ikaunyonya wino mle mferejini. Pitisha kidole pembeni mwa picha (mwenye maonyesho akigeuka upande wa pili) utauhisi ukingo wa bamba umeacha alama.

Najua neno tindikali linatisha, na hapa Unguja lina sababu ya kutisha. Lakini wengi siku hizi hutumia ile kemikali ambayo mafundi wa vifaa vya umeme hulishia shaba kwenye bodi za saketi. Na ule weusi uliouona mfano wa vumbi hauchorwi kwa mstari hata kidogo. Ni unga wa utomvu wa msonobari, binamu yake sandarusi yetu ambayo zamani majahazi yalijaa. Unga hunyunyizwa juu ya bamba, ukayeyushwa kwa moto, kisha tindikali ikapenya baina ya chembe na chembe.

Kwa hiyo, ikiwa bamba lilikuwa la shaba, ulichokitazama ni dele la shaba lililochorwa juu ya shaba, likaliwa likapatikana. Msanii alijua anafanya nini.

Kitabu ulichoniuliza hakipo, na wallahi kingekuwepo nisingekushauri ukinunue. Kuna zama watu walikaribia kuwa nacho. Uholanzi ya karne ya 17, mshumaa unaofuka moshi, fuvu la kichwa na shisha ya mchanga ya kupimia muda vikiwekwa mezani pamoja, kila mtazamaji alielewa: umri unakwisha. Mchoraji na mnunuzi walikuwa wamesikia mawaidha yale yale kanisani, wakaelewana bila kuulizana. Mapatano hayo yamekwisha zamani. Msanii wa leo huja na vitu vya jikoni mwake, ikabidi wewe uingie humo jikoni.

Sisi wenyewe tunayo kamusi ya namna hiyo, nayo ni ya watalii. Simama karibu na mlango wowote mkubwa wa Mji Mkongwe saa nne asubuhi usikilize: samaki ni uzazi, mnyororo ni utumwa (au ni ulinzi, inategemea mwongozaji), na ile misumari ya shaba ni ya kuzuia ndovu wasivunje mlango. Ndovu, Unguja! Misumari hiyo mtindo wake ulitoka Bara Hindi, na kwetu ilipigwa kwa kuwa inapendeza na kuonyesha kuwa mwenye nyumba anazo.

Kosa la kaka yako ni hilohilo la mwongozaji. Amesoma majina akaacha vitenzi. Dele, kweli, ni ukarimu, nani atabisha? Lakini picha haikusema dele. Imesema dele limelala. Finjani imefudikizwa. Kiti kimefungwa waya. Kandambili imepotelewa na mwenzake. Mimi miaka yote hii niliyofundisha uchapaji wa picha, nimeona maana ya kitu inakaa hapo, kwenye kile kilichokipata au kile ambacho kitu chenyewe kinafanya.

Wewe hili unalijua tayari, ila hujalifikiria kwa upande wa picha. Unalijua kwa kanga. Kanga imekunjwa dukani Darajani, jina lake limeandikwa "Wema hauozi". Hapo haijasema kitu kwa mtu. Mpelekee mama yako, ni shukurani. Ianike kwenye kamba mkabala na dirisha la jirani aliyekopa pesa mwaka juzi akanyamaza, na utasikia dirisha linafungwa. Maneno ni yale yale, herufi hazikuongezeka. Kilichobadilika ni kitendo.

Basi sasa wachukue wasanii wakubwa wa sanaa hii uwatazame kwa jicho hilo. Goya, Mhispania, mwaka 1799 alitoa mfululizo wa picha 80 za echingi akiwakejeli watu wa nchi yake. Katika ya 26 kuna wasichana wamebeba viti kichwani, miguu ya viti inatazama juu, na wanaume pembeni wanawacheka. Kiti hapo ni madaraka? Kwa Kihispania neno la kiti cha kukalia ni hilohilo la utulivu wa akili, na Goya akaandika chini kwamba hao sasa wamepata pa kukalia. Kiti kilichovaliwa kama kilemba kimekuwa upumbavu. Kaka yako angekwama hapo.

Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyefundisha echingi kwenye chuo cha sanaa cha mji huo tangu 1930 hadi 1956, alichora chupa, makopo na majagi maisha yake yote, yale yale. Aliziondoa lebo, nyengine akazipaka rangi, akaziacha zishike vumbi. Ukiuliza chupa ya Morandi inamaanisha nini hupati jibu, na watu wengi huishia hapo wakasema hana maana. Tazama badala yake zinavyosogeleana. Baadhi zimebanana mfano wa watu wa baraza moja, na moja imesimama kando kidogo haijakaribishwa. Mimi mwenyewe nilihitaji miaka kumpenda mtu huyu. Nilipokuwa kijana nilimwona mzee wa chupa tu.

Jim Dine, Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1935 na ambaye babu yake alikuwa na duka la vifaa vya ufundi, amechora nyundo, koleo na brashi kwa heshima ambayo wengine huziwekea sura za wafalme. Tangu 1964 akachora pia joho la kuogea, limesimama, limejaa, mikono kiunoni, na ndani hamna mtu. Akasema hiyo ni picha yake mwenyewe. Sisi joho la kuogea halituhusu sana, lakini fikiria kanzu ya marehemu babu imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, mabega bado yana umbo lake. Umeshaelewa.

Wa karibu nasi zaidi ni William Kentridge wa Johannesburg, aliyezaliwa 1955. Ametoa echingi nyingi, na ndani mwake huzunguka simu za zamani, mashine za taipu, honi za kutangazia, na chombo cha kahawa. Katika filamu yake fupi ya michoro ya mwaka 1991, tajiri wa mgodi yuko kitandani asubuhi anabonyeza birika la kahawa, lile la kuchuja kwa kushindilia. Kishindilio hakiishii chini ya birika. Kinatoboa sinia, kinatoboa kitanda, kinashuka ardhini mpaka kwenye mashimo wanamolala na kuchimba watu weusi. Kitendo kimoja cha kubonyeza, na umeuona uchumi mzima wa Afrika ya Kusini ya wakati ule. Hapo kahawa si ukarimu. Ni kahawa ileile unayoinywa wewe, ila kwake inashuka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vyombo, mwambie kaka yako kwamba hii sanaa anayoiona ya kigeni bibi yenu alikuwa nayo kabatini. Zile sahani nyeupe zenye michoro ya buluu, miti na nyumba na madaraja, zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka za majumba ya zamani: nyingi za Uingereza zilitengenezwa kwa bamba la shaba lililochongwa kwa mkono. Wino wa buluu ulipigwa chapa juu ya karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kwenye sahani, sahani ikachomwa. Ni ndugu wa echingi kabisa, tofauti ni kuwa mifereji ilikatwa kwa patasi ndogo, si kwa tindikali. Lubaina Himid, aliyezaliwa hapahapa Unguja mwaka 1954 akachukuliwa Uingereza angali mchanga, alivijua vyombo vya namna hiyo vizuri. Mwaka 2007 alikusanya vyombo vya mezani 100 vilivyokwishatumika, sahani na majagi na mabakuli, akachora juu yake nyuso za watumwa na watumishi weusi, na za mabwana waliotajirika kwa biashara ya watu katika bandari ya Lancaster. Miaka kumi baadaye akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Sahani ilikuwa ikificha, yeye akaifanya iseme, tena bila kuivunja.

Kiswahili kimetupa faida ambayo Morandi hakuwa nayo. Lugha yetu imeshachora picha kabla ya msanii kushika sindano. Mbuzi ya nazi, kwa mgeni, ni kigoda chenye ulimi wa chuma. Kwako wewe ni mnyama, unampanda, ana meno. Na buibui je? Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911 katika nyumba ya watu waliotengeneza mazulia ya ukutani yaliyochanika, alimchora buibui mara nyingi sana, na mwaka 1995 akatoa mfululizo mzima wa chapa kwa ajili ya mama yake: mvumilivu, mfumaji, anayeziba palipotoboka. Kumweleza Mmarekani kwa nini mama awe mdudu ilikuwa kazi. Kumweleza mtu wa Mkunazini, ambaye mama yake alitoka kila siku amevaa buibui, haihitaji hata sentensi. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu waichore hiyo, nguo na mdudu kwenye bamba moja. Mpaka leo hajatokea. Na kuhusu kinu na mchi sitasema kitu. Waulize makungwi, ukishaolewa.

Kuna jambo jengine la echingi ambalo ni lazima ulijue, nalo ni kugeuka. Bamba likipigwa chapa, kulia kunakuwa kushoto. Rembrandt, bingwa wa mabingwa, mwaka 1650 alichora gamba la konokono wa baharini, jamii ya wale wenye sumu ambao wavuvi wetu huwaonya watoto wasiwaokote. Magamba hayo kwa kawaida huzunguka kuelekea kulia. Kwenye karatasi yake linazunguka kushoto. Saini yake alikumbuka kuiandika kinyume ili isomeke, gamba akalichora kama alivyoliona.

Mimi kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la Rembrandt. Bamba langu la kwanza la maana nilichora mkono unaompa mgeni finjani ya kahawa. Nilijitahidi nao siku tisa: kucha, mishipa, pete. Nilipochapa nikaipeleka nyumbani kwa furaha. Shangazi yangu akaitazama kwa muda, akaniuliza taratibu, "Huyu anamtukana nani?" Mkono wa kulia ulikuwa umegeuka wa kushoto. Sikuwa na alama yoyote kichwani mwangu nilipochora, na kumbe nilikuwa nimechora tusi. Picha ile ninayo mpaka leo, na nikiwa mkweli ni bora kuliko ile niliyokusudia.

Turudi kwenye picha yako. Sikuiona, kwa hiyo nasoma kwa maelezo yako tu.

Dele limelala ubavu. Kama kuna doa mdomoni mwake, kahawa imemwagika, kuna jambo lilitokea kwa ghafla. Kama hakuna doa, kahawa ilikwisha na muuzaji ameondoka, au amekufa, au watu wamehamia kunywa ya kopo. Hilo doa litazame kwa makini kuliko vyote. Finjani moja imekaa sawa na moja imefudikizwa: wawili walikunywa, mmoja akasema basi. Au mmoja hakufika kabisa, finjani yake haikugeuzwa. Zote mbili zinakaa, na msanii mzuri huziacha zote mbili.

Kiti cha plastiki kisomwe na mtu wa hapa. Kiti cha enzi, kile cha mpingo na pembe na kamba, ndicho cha madaraka, na siku hizi utakiona makumbusho au kwenye hoteli. Kiti cha plastiki hukodiwa. Hukaa msibani Jumatatu, harusini Ijumaa, mkutanoni kwa wanasiasa Jumapili, wala hakimjui aliyekikalia. Lakini hiki kimefungwa waya! Kitu cha bei rahisi, ambacho kingetupwa, mtu amekaa chini akakitibu. Ningeuliza waya umechorwa vipi. Kama mstari wake ni mweusi kuliko wa kiti chenyewe, maana yake msanii alilirudisha bamba ndani ya tindikali kwa ajili ya waya tu, kiti kilichobaki akikifunika. Hicho ndicho alichokipenda.

Imebaki kandambili. Jozi ya kandambili mlangoni hutuambia nyumba ina watu, na jozi nyingi hutuambia kuna shughuli. Moja peke yake tunaiokota pwani, imeliwa na chumvi, bahari imeileta haikusema imeitoa wapi. Mtalii ataiona hiyo ataona taka, atafikiria uchafuzi wa bahari, na hatakuwa amekosea. Umasikini wa kaka yako pia upo, kwa mbali. Lakini wewe ni mtu wa Wete, na meli iliyozama usiku ule wa Septemba 2011 ilikuwa inakuja kwenu. Sina haja ya kukueleza kandambili moja ufukweni ilikuwa nini asubuhi yake. Sijui kama msanii aliliwaza hilo. Wewe ukiliona halijatoka hewani, na usimruhusu mtu akwambie umeliongezea.

Ukivuka tena, na maonyesho yakiwa bado yapo, tazama kandambili ile ni ya mguu gani, kisha kumbuka kuigeuza, kwani kwenye bamba ilikuwa ya mguu wa pili. Na kama mchoraji yumo ndani, usimuulize ina maana gani. Wasanii tukiulizwa hivyo husema uongo. Muulize ameiokota wapi. Uniandikie alichokujibu.